Akina Dona na Injini Inayochechemea

Kama umewahi kupita karibu na ukumbi wa harusi pale Eastleigh ukaona mzee wa suti na tai, amekaa nyuma ya pikapu, amekumbatia injini ya posho mill kama mtoto mgonjwa, huyo alikuwa mimi.

Usicheke kwanza.

Au cheka, lakini nisikilize hadi mwisho.

Naitwa Mwangangi. Nina posho mill, kinu cha kusagia mahindi, mtaani Dandora. Shule niliimalizia kwenye madarasa ya ngumbaru, tayari nikiwa na ndevu, kwa hivyo nikiandika jambo naliandika sawasawa. Na hili nimelishuhudia kwa masikio yangu mwenyewe.

Kwa macho sikuruhusiwa. Utaelewa kwa nini.

Kisa chenyewe ni cha binti aitwaye Amondi.

Alikuja kusaga mahindi akiwa na debe kichwani na gita la besi mgongoni.

Nikamuuliza, "Na hilo tunasaga?"

"Jaribu uone, mzee. Utasagika wewe."

Foleni nzima ikavunjika mbavu.

Sasa, injini yangu ni ya dizeli, ya zamani, niliyoing'ang'ania kwa sababu stima za huku zinapotea zikitaka. Na inachechemea. Inapiga tuku-tuku-tuku, inasita kidogo kama mtu aliyekumbuka amesahau ufunguo nyumbani, halafu inarukia mbele tena. Kila fundi aliyepita hapo alitaka kuifungua.

Amondi aliweka debe chini. Akafumba macho.

"Mzee, hii mashine inachechemea."

"Najua. Fundi anakuja Jumatatu."

"Yawa! Fundi akiigusa, mimi na wewe tumekosana. Hiyo ni fanki, mzee!"

"Fanki ndiyo nini?"

Hakunijibu kwa maneno. Aligeuza debe tupu la mtu, na kila injini iliposita, yeye akapiga. Pah! Ikiruka, akanyamaza. Ikisita, pah!

Mabega yangu yakaanza kusogea bila kuniomba ruhusa.

Mama mmoja kwenye foleni akasema, "Mwangangi, una homa?"

Nikajua fanki ndiyo hiyo.

Baadaye aliniambia habari zake. Alilelewa mtaa wa Baba Dogo, baba yake akifanya kazi kiwandani. Besi alijifunza kanisani, kwenye gita lililokuwa na nyuzi pungufu. Akakua, akaingia bendi ya bwana mmoja aitwaye Sylvance, bendi ya mahoteli. Besi alijua kuliko wote pale, lakini Sylvance alimpa kayamba.

"Mwanamke akishika besi," Sylvance alimwambia, "watu watamwangalia badala ya kusikiliza."

Miaka ilikatika hivyo, akitikisa kayamba nyuma ya wanaume waliokosea nota. Siku moja, katikati ya wimbo, alimwendea Sylvance akamtia kayamba mkononi, akatoka mlangoni. Wateja walidhani ni sehemu ya onyesho. Wakapiga makofi.

Akaamua kuanzisha bendi yake. Ya wanawake peke yao, ya fanki.

Shida ilikuwa mahali pa kufanyia mazoezi. Kila ploti aliyohamia, kabla hata hajafunga pazia, majirani walikuwa mlangoni kwa kelele. Ndiyo maana siku ile alikuwa anachungulia nyuma ya mashine yangu.

"Mzee, hapo kwa stoo yako, nyuma ya mashine. Ikisaga, nani atatusikia?"

Nikampa stoo.

Akaja na wenzake. Nyawira, msusi, kwenye gita. Everline, aliyelelewa kwenye bendi ya kanisa kule Kakamega, na tarumbeta yake. Na Kawsar, binti wa Dandora ambaye babake anauza blanketi kwa jumla Eastleigh. Huyo alianza kwa kupiga katoni dukani hadi wateja wakawa wanachelewa makusudi. Yeye akakaa kwenye ngoma.

Injini ikiunguruma, nao wanaunguruma. Jioni wanatoka stoo weupe kope hadi viatu kwa unga, watoto wa mtaa wanakimbia wakipiga mayowe.

"Tutajiita Akina Dona," Amondi akasema. "Unga ambao haujakobolewa."

Waliiva, wallahi, kama anavyosema Kawsar. Ningesimamisha mashine niwasikie vizuri, lakini wateja wangenisaga mimi.

Na hapo ndipo palikuwa na kosa, na hakuna aliyeliona.

Onyesho lao la kwanza lilikuwa kwenye ukumbi mmoja kule Njiru. Nilivaa suti, nikakaa mbele. Sylvance naye alikuja, akakaa nyuma na wanaume wake.

Kawsar alianza. Tuku-tuku-tuku... halafu akatoka mbio kama mtu aliyefukuzwa na mbwa. Amondi akamkimbilia. Nyawira akabaki njiani. Everline akapuliza tarumbeta mahali ambapo wimbo ulikuwa umeshapita kitambo.

"Rudini mkasage!" mtu akapaza sauti.

Sylvance akasimama, mkono juu.

"Amondi! Kayamba lako bado lipo!"

Ukumbi ukaangua kicheko. Mimi niliangalia viatu vyangu.

Kesho yake tulikaa stoo. Kawsar alikuwa analia.

"Kulikuwa kimya sana, adeer." Ndivyo anavyoniita, kama baba yake mdogo. "Nilikuwa naitafuta injini. Sikuiona."

Tukaangaliana. Mazoezi yao yote walikuwa wameyafanya na injini yangu. Injini ndiyo iliyokuwa inashika mwendo, wao wanaifuata. Bila kujua, walikuwa na mwanabendi wa tano, tena mwanaume, kwa jinsi anavyokohoa.

Amondi alikuwa akifuta unga kwenye besi yake kwa kona ya leso.

"Onyesho moja zaidi," akasema. "Tukiaibika tena, narudi kwa Sylvance. Nitashika kayamba hadi nizeeke."

Hakuwa anatishia mtu. Nilimwona usoni. Alikuwa amechoka kuchekwa.

Basi siku hiyohiyo akaingia mama mmoja mrefu, mtandio wa hariri, manukato yakimtangulia. Bi Raho, rafiki wa mamake Kawsar, anayeuza vitambaa.

"Nimesikia kuna bendi imeaibika Njiru."

"Ndiyo sisi, mama," Amondi akajibu.

"Nyote ni wanawake? Hata wa ngoma?"

"Hata wa ngoma."

"Basi nawataka nyinyi."

Tukadhani anatania. Akakaa juu ya gunia, manukato na unga vikachanganyika.

"Mimi nikiwa msichana Mogadishu, harusi ilikuwa na bendi. Besi! Tarumbeta! Nywele zangu zilikuwa hivi," akaonyesha kwa mikono, mbali na kichwa. "Sasa namwoza binti yangu Iqra. Karamu yetu mwanaume haingii. Wanawake wanavua buibui, wanacheza wanavyotaka. Lakini bendi zote za mji huu ni wanaume, kwa hivyo tunacheza kwa spika. Abaayo, dada yangu Amondi, nimechoka na spika. Nataka tarumbeta ya mtu mwenye pumzi."

Everline akajinyoosha mgongo.

Kawsar akatikisa kichwa. "Bila injini siendi."

"Injini ije," Bi Raho akasema.

"Mzee Mwangangi peke yake ndiye anayejua kuiwasha," Amondi akasema.

Bi Raho akanitazama juu mpaka chini kama kitambaa chenye kasoro.

"Injini ije. Mzee abaki nje."

Siku ya harusi, alasiri, vijana wa mkokoteni waliing'oa injini wakaipakia kwenye pikapu. Tukaiegesha nyuma ya ukumbi, chini ya kidirisha kilichokuwa mgongoni mwa jukwaa. Nikafunga tai vizuri.

Amondi akachungulia dirishani. "Nikigonga hapa, unawasha. Sawa, mzee?"

"Hiyo ni kazi yangu, binti."

Ndani nilisikia wanawake wengi sana, vicheko, bangili. Halafu kidirisha kikagongwa.

Nikazungusha mkono wa kuwashia.

Kimya.

Nikazungusha tena. Ikakohoa, kho! Ikafa.

Niliibembeleza. Niliitukana kwa Kikamba, nikarudia kwa Kiswahili sanifu ili isiseme haikuelewa. Jasho linaniingia machoni, tai imefika mgongoni. Haikuwaka.

Amondi akachungulia tena. Macho yetu yakakutana. Nikatikisa kichwa polepole, kama daktari anayetoka wodini.

Nilijua nimemmaliza. Nilimwona tayari na kayamba mkononi.

Amondi alinitazama. Akatazama injini.

Kisha akageukia ndani, akapaza sauti kwa furaha kubwa:

"Mzee ameiwasha! Inaunguruma vizuri! Kawsar, twende!"

Nikabaki mdomo wazi. Nikaishika injini kuhakikisha. Ilikuwa baridi kama jiwe.

Na ndani, ngoma ikaanza.

Tuku-tuku-tuku... ikasita kidogo, kama mtu aliyesahau ufunguo... ikaruka.

Ilikuwa injini yangu kabisa. Injini yangu iliyokuwa imenyamaza mbele yangu!

Besi ikaingia chini yake, nzito kama gunia linalotuliwa. Nyawira akakwaruza. Everline akapuliza, na nikasikia mwanamke mmoja akipiga kelele ya furaha isiyokuwa na umri. Nadhani alikuwa Bi Raho, na nadhani nywele zilikuwa zimerudi. Vigelegele vikapanda hadi kidirisha kikatetemeka.

Nami nikacheza. Peke yangu, juu ya pikapu, na suti yangu.

Askari wa geti akaja mbio. "Mzee, uko sawa? Nikuitie mtu?"

"Kijana," nikamwambia, "shika upande ule tucheze."

Baadaye nililetewa sahani ya pilau. Kawsar akatoka, amejitanda, macho yanang'aa.

"Adeer! Injini leo imenibeba! Niliisikia hadi kwa nyayo!"

Nyuma yake Amondi alinikonyeza.

Nikasafisha koo. "Injini hii haijawahi kuniangusha."

Tangu siku ile, Akina Dona hawajapumzika. Harusi za Eastleigh, sherehe za chama Njiru, akina mama wa makanisa ambao nao waligundua raha ya kucheza bila kuangaliwa. Simu huachwa mlangoni, kwa hivyo huwezi kupata video yao hata moja. Ni bendi maarufu ambayo, tangu Njiru, hakuna mwanaume aliyeiona.

Sylvance alicheka mwanzoni. "Bendi gani haina hata picha?"

Halafu mkewe alialikwa sherehe moja. Akarudi nyumbani akicheza jikoni wiki nzima, na hakumwambia ni nini.

Jumamosi iliyofuata, Sylvance akaja pole pole hadi kwenye pikapu yangu. Akakaa. Akasikiliza besi ikipita ukutani.

"Mzee," akauliza, "hawahitaji mtu wa kayamba?"

"Ndani, hapana," nikamjibu. "Lakini hapa nje kuna nafasi."

Akakaa hadi mwisho. Pilau tulikula sahani moja.

Na injini? Kila Jumamosi tuliibeba. Imezimwa! Amondi aliniambia nisijisumbue kuiwasha, mradi Kawsar ajue ipo. Kwa hivyo posho mill inafungwa, vijana wanaing'oa, mimi navaa suti, nakaa nayo nje. Kidirisha kikigongwa, nami nagonga, kana kwamba nimeiwasha.

Yote hayo kwa ajili ya Kawsar, msichana wa watu, asipoteze moyo.

Mwezi uliopita mgongo ulinigomea. Nikaona sasa msichana amekomaa, anaweza kuambiwa ukweli. Nikamwita, nikamwekea chai, nikamweleza kwa upole sana kwamba siku ya Iqra injini haikuwaka.

Kawsar alicheka hadi chai ikamwagika.

"Adeer, mimi nimezaliwa Dandora! Injini ya dizeli ikiwaka chini ya dirisha, moshi unaenda wapi? Dirisha lilikuwa nyuma ya kichwa changu. Nilinusa pilau tu."

"Ulijua?"

"Kabla wimbo haujaanza."

"Sasa mbona ulipiga?"

Akafikiri kidogo. "Amondi alidanganya mbele ya ukumbi wote, na uso mkavu vile. Angeweza kusema tungoje. Angeweza kusema tuache. Alinitazama kama mtu ambaye hana wasiwasi na mimi hata kidogo. Ningefanya nini, adeer? Nikapiga."

"Na mbona uliniambia injini imekubeba?"

"Ulikuwa na jasho, na tai ilikuwa mgongoni. Ningekuambia nini?"

Nikaweka kikombe chini.

"Lakini tumeibeba kila Jumamosi! Kwa ajili yako!"

Kawsar akanitazama kwa huruma fulani ambayo sikuipenda.

"Kwa ajili yangu? Amondi alisema tukiacha injini, mzee atakosa sababu ya kuvaa suti."

Wasomaji wangu, niliikoroga chai hadi ikapoa.

Somo nililopata nawapa bure. Ukimsaidia mtu kusimama, ipo siku atasimama bila wewe, na huenda usiambiwe, kwa sababu anakupenda. Siku utakayogundua, usinune. Funga tai yako vizuri, ufurahi.

Injini sasa haitoki tena. Iko mahali pake, inasaga, inachechemea, na foleni ya wateja inatikisa mabega bila kujijua. Fundi alipita juzi akataka kuifungua. Nikamfukuza.

Jumamosi hii Akina Dona wako Eastleigh tena. Mimi na Sylvance tutakuwa nje, kila mtu na kiti chake.

Suti nimeshaipiga pasi.