Bushi Inayotoka Jasho

Kila asubuhi, kabla ya kupanga vifaa mbele ya kibanda chake karibu na stendi ya Kayanga, Mudathir huchukua bushi ya shaba, kile kipete ambamo mhimili wa mota huzunguka, kwenye kopo la oili, huifuta mpaka ikauke, kisha huifumbata kiganjani huku akinywa kahawa. Kahawa ikiisha, hufumbua mkono. Bushi huwa imelowa tena, naye huitazama kwa mshangao uleule wa siku zote.

Babu yake alitoka Tanga akaja Karagwe kununua kahawa. Mjukuu akanogewa na mota. Kwa muda mrefu alidhani bushi ni kipande cha shaba tu, mpaka alipoipasua moja iliyokufa na kuitazama kwa lenzi ya fundi saa. Ilikuwa na vitundu kila mahali! Akaulizia hadi akaelewa: ni unga wa shaba na bati, umeshindiliwa ndani ya kalibu, ukaokwa hadi chembe zikashikana bila kuyeyuka zote. Ndani hubaki nafasi za kunywa oili, kama tofali linavyokunywa maji. Anachotamani kukiona hadi leo ni hiyo kalibu. Ni chuma gani kinachoshindilia shaba kutwa nzima na chenyewe kisilike?

Jumanne moja Costansia wa Bweranyange alishuka kwenye bodaboda, mota ndogo imefungwa ndani ya khanga.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba mama. Ya nini hii?"

"Feni ya mashine ya kutotoleshea vifaranga. Imekwama tangu alfajiri. Mayai ya juu yanapata moto, ya chini yanapoa. Nimemwacha Vero, binti yangu, anapepea kwa ungo."

Mudathir akaifungua. Ndani, bushi iling'aa kama kikombe cha altare.

"Nani ameisafisha hivi?"

"Mimi, wiki iliyopita. Ilikuwa nyeusi, inatia aibu. Nikaisugua kwa jivu, nikamalizia na msasa."

"Mawe!" Mudathir aliazima neno la mshangao la wateja wake wa Karagwe. Akaichungulia kwa lenzi. "Umeviziba vitundu, mama. Sufuria huogeshwa hivyo. Hii haiogi."

Costansia akashika shavu. Mudathir hakumcheka, alikuwa ameshaanza kuchakura rundo la feni zilizokufa. Akapata bushi yenye tundu la kipimo kilekile, lakini kavu kama mfupa. Akawasha jiko la mkaa, akamimina oili kwenye kikaango, akaitumbukiza. Mapovu madogo yakaanza kutoka.

Jirani yake Gharib, muuza spea, akapitisha kichwa. "Fundi, sambusa hizo za nyama au za dengu?"

"Za shaba. Karibu utafune."

Mapovu yalipokoma, Mudathir akaepua kikaango, akakiweka chini kivulini na kukaa.

"Fundi, si imeiva? Itoe," Costansia alisema. Akilini alikuwa akimwona Vero na ungo wake, mikono imechoka.

"Hapo moto umetoa hewa tu. Inakunywa inapopoa. Nikiitoa sasa, utarudi kesho na khanga yako."

"Kesho nitarudi na mayai viza!"

Hata hivyo akakaa. Wote wawili wakakikodolea macho kikaango kilichokuwa hakifanyi lolote. Simu ilipolia, Costansia akasikiliza, akasema, "Badilisha mkono, mwanangu," akakata.

Oili ilipopoa, Mudathir akaitoa bushi, akaifuta, akampa. "Ifumbate."

Costansia akaifumbata akiwa amesimama, macho barabarani kwenye bodaboda. Alipofumbua kiganja, kulikuwa na duara la mafuta. Kwa mara ya kwanza tangu afike alisahau kuangalia barabara.

Mudathir akaifunga bushi, akaunga waya. "Bismillahi." Feni ikazunguka kimya, akaiacha izunguke kidogo, halafu akaifunga mota ndani ya khanga.

Costansia alikuwa ameshapanda pikipiki alipouliza, "Mayai yatapona?"

"Sijui, mama," Mudathir akasema. "Feni itazunguka."