Usimwambie Mama Anayelia Atulie

Mwanangu, weka hiyo kamera mezani kwanza unisikilize. Jana umeniambia unaenda Tenke kupiga picha kwenye matanga ya mtoto wa mama mmoja, na kwamba utatumia HDR: unapiga picha tatu, ya giza, ya kati na ya mwanga, halafu unaziunganisha kwenye kompyuta ziwe moja. Nilinyamaza kwa sababu ningefungua mdomo ningekutukana. Leo hasira bado ninayo, lakini nitaongea.

Nakumbuka siku tuliyomuaga mdogo wangu Ilunga hapa Kolwezi, baada ya shimo la shaba kumwangukia. Nilikuwa kijana, sijaoa. Jeneza liliwekwa wazi ndani ya lupango letu, uani, chini ya turubai. Huko chini giza, nje jua linapiga vumbi jeupe mpaka macho yanauma. Mama hakuwa na picha hata moja akiwa na Ilunga tangu awe mtu mzima. Akaomba moja tu, wakiwa wawili, kabla jeneza halijafungwa.

Tukamwita mpiga picha wa mtaani, kijana maridadi, amejifunza hiyo teknik ya HDR Lubumbashi na anataka kila mtu ajue. Nakubali, mwanga wa siku ile ulikuwa mgumu. Ukipima mwanga wa uso, nje panaungua, panatoka peupe tupu. Ukipima nje, uso unakuwa mweusi. Hapo HDR inasaidia, sikatai. Akasimamisha kamera yake juu ya miguu mitatu. Mama alikuwa anampapasa Ilunga paji la uso, anayumba huku na huku, analia. Yule bwana akamwambia, "Mama, tulia kidogo. Usitingishike."

Hebu fikiria, mwanangu. Mama ameinama juu ya mtoto wake, wewe unamwambia asitingishike. Na mama yangu, Mungu amlaze pema, alijaribu. Alibana midomo, akashika pumzi, lakini mabega yalikuwa yanaruka tu. Watata, wazee wa familia, walinishika mkono nisimfuate yule mtu.

Baada ya matanga akaleta picha ndani ya fremu. Kila kifungo cha shati la Ilunga ulikiona, na turubai, na mikaratusi ya nje na mawingu yake. Maiti hatikisiki, kwa hiyo Ilunga alitoka safi. Mama alitoka na nyuso zilizopandana, zimefifia kama moshi, mbao za jeneza zinaonekana kupitia kifua chake.

"Mutoto eko muzuri," akasema. "Sasa mi niko wapi?"

Nikamwuliza yule kijana picha zile tatu ziko wapi, maana ya kati peke yake ingetutosha. Mbingu ingetoka nyeupe tupu, na nani alikuwa na haja ya mbingu? Akajibu amezifuta, kadi ilijaa. Alisema hivyo huku anakunja nyaya zake. Mpaka leo nikimkumbuka natamani kumzaba kofi, na mimi ni mtu wa kanisa.

Mama hakumgombeza. Aliomba mkasi, akajikata akajitoa pichani. Picha ilikaa ukutani mpaka alipokufa: Ilunga peke yake, na juu ya paji lake vidole vilivyofifia, vingi kuliko vya mkono mmoja.

Basi usinijibu kwamba mashine za leo zinapiga haraka. Ukirudi, HDR nitakufundisha mimi mwenyewe, niliyejifunza baada ya siku ile, na utaijua vizuri. Tutaanza ndani ya kanisa tupu, tutaenda ukingoni mwa shimo, tutapiga nyumba na mawe, vitu visivyopumua. Lakini ukimkuta mtu analia, piga moja. Pima uso wake, nje paungue panavyotaka. Usifute kitu mpaka mwenye picha aishike mkononi aseme ameridhika. Na mama aliyefiwa usimwambie atulie. Wewe ndiye utulie, umngoje hata jua lizame.

Sasa chukua kamera yako uende. Mungu akulinde kwenye barabara ya Tenke, akupe mkono mtulivu na moyo wa kungoja. Na yule mama wa huko, siku atakapoipokea picha yako, ajione yumo.