Visu vya Baba, Shamba la Mama

Ilikuwa mwaka wa 2000 na mimi nilikuwa na miaka kumi na miwili. Hapo ndipo taabu ilipoanza kwetu, na ukitaka kujua inanuka vipi, nenda Kimilili siku ya soko, usimame upande wanaochoma vichwa vya ng'ombe. Pembe ikishika moto hutoa harufu kama ya nywele zilizoungua, nzito, ya kukaa kooni. Watu hushika pua wakapita haraka. Mimi husimama. Kwa harufu hiyo namwona baba yangu, Wafula, amechuchumaa kwa mhunzi, anangoja kisu chake.

Sikusoma sana, wacha niseme mapema. Niliishia darasa la sita, tena sikulimaliza. Leo mimi ni mzee wa kijiji huku Naitiri, mwanamke, sijafika miaka arobaini, na wanaume wenye digrii huja kwangu niwaamulie mipaka. Kwa hivyo nitaandika vile ninavyoongea, na atakayeona makosa ayasahihishe kimya kimya.

Mhunzi mwenyewe alikuwa Mzee Makokha, upande wa Kimilili chini ya mlima. Kwetu Wabukusu wavulana hutahiriwa mwezi wa Agosti, na si kila mwaka, ni mmoja tunatahiri, mmoja tunaruka. Mwaka wa tohara ukifika, Makokha alifua kwanza visu vya watahiri. Chuma kikibaki, alitengeneza visu vya kukunja vya kutia mfukoni, vinne au vitano basi, vyote vya mtindo mmoja, vya baba za wavulana waliotahiriwa mwaka huo. Akimaliza, kile kibao alichopimia mpini alikitupa motoni. Mtu akimletea kisu cha zamani atengenezewe kingine kama hicho, Makokha alimwambia mwaka huo umeisha, bana, rudi nyumbani.

Sasa, baba hakuwa na mvulana. Alikuwa na mimi, Nekesa, na mdogo wangu Nafula. Lakini baba alikuwa dereva wa trekta kwenye shamba moja kubwa la mahindi ya mbegu karibu na Kitale, na msimamizi alimruhusu kuchukua springi za trela zilizovunjika. Hicho ndicho chuma Makokha alichokipenda kuliko chochote. Kwa hivyo kila mwaka wa tohara baba alifunga springi nyuma ya baiskeli, akaenda mpaka Kimilili, na mhunzi akamtengea kisu kimoja kana kwamba naye ana mtoto wa kupeleka mtoni kupakwa matope ya tohara. Kule Bokoli, kijijini kwao, ndugu zake walimcheka. Ati Wafula anakusanya visu vya watoto ambao hana. Baba alicheka pamoja nao. Njia nzima ya kurudi Kitale alikanyaga pedali kwa nguvu kuliko kawaida.

Visu hivyo vilikaa kwenye leso kuukuu ya mama, ndani ya kasha la bati, chini ya kitanda chetu kwenye nyumba za wafanyakazi. Jumapili tukitoka kanisani baba alivitandaza mkekani kwa mpangilio wa miaka, na kazi ya kuvipaka mafuta ilikuwa yangu. Kulikuwa na cha mpini wa mfupa, cheupe kama jino. Kulikuwa na cha mti mgumu wa mlimani, chenye mistari kama maji yanayotiririka. Kulikuwa na kimoja ambacho Makokha alikitilia pete ya shaba ya bomba la maji lililoharibika. Cha mwisho, cha mwaka huo wa 2000, kilikuwa cha pembe nyeusi, na misumari yake ilikuwa vipande vya spoku za baiskeli. Nilikuwepo kikitobolewa kwa chuma chekundu. Ndiyo harufu niliyowaambia. Ukikifunga kilitoa sauti moja safi, ta, kama mtu aliyefunga mdomo baada ya kusema ukweli.

Siku moja mgeni Mzungu aliyekuja kutazama mbegu alikiona kimoja mkononi mwa baba akataka kukinunua. Baba akakataa kwa adabu. Habari hizo zilisafiri mpaka Bokoli, na kila aliyezibeba aliongeza kidogo. Zilipofika kwa baba mkubwa Barasa, kaka yake baba, Mzungu alikuwa ameahidi gari.

Novemba, wakati wa kuvuna, mvua ya mwisho ilifanya barabara ya shamba iwe utelezi. Trela ilikuwa imejaa mahindi. Ilivuta trekta mtaroni, trekta ikamlalia baba. Mimi nilikuwa shuleni. Mwalimu aliniita nje, na nilipoona ameshika begi langu mwenyewe, nilijua sitarudi kwa lile darasa.

Tulimzika kwao, Bokoli. Mama hakulia. Alisimama kando ya kaburi kama mti, na wanawake wakaanza kunong'ona kwamba huyu ana roho gani. Lakini kwa habari ya visu, mama alikuwa mtu mwingine. Siku zote za matanga alikaa na ule mzigo wa leso chini ya paja. Alilala ameuwekea kichwa. Baba mkubwa Barasa alipoomba kuvitazama tu, mama aliuvuta kama anayenyakua mtoto kutoka motoni. Akawa hazungumzi kitu kingine. Visu vya mume wangu, visu vya mume wangu. Hata shamba la Naitiri, ambalo baba alikuwa amelinunua na bado hajajenga, hakulitaja. Nilimwonea fahari. Nilifikiri ananiwekea mimi.

Wasiojua desturi yetu niwaeleze. Baada ya maziko kuna siku ya kunyoa. Jamaa wananyolewa nywele, halafu mzee mmoja anasimama katikati, na mali ya marehemu inagawanywa hapo mbele ya watu wote. Aliyepewa anaulizwa kama amepokea. Akisema amepokea, amemaliza. Hawezi kurudi kwenye nyumba hiyo kuomba kitu kingine, na mashahidi ni kila mwenye macho.

Siku hiyo kichwa changu kilikuwa kimenyolewa na jua lilikuwa linanichoma. Nilikaa chini karibu na mama, Nafula amenilalia. Koti la baba likaenda, baiskeli ikaenda, redio ikaenda. Kisha baba mkubwa Barasa akainuka, akakohoa, akasema shamba haliwezi kukaa bila mwanamume, na mjane naye hawezi, na yeye kama mkubwa yuko tayari kubeba huo mzigo. Aliusema kwa huruma. Watu wakaitikia kwa vichwa. Hata mimi mtoto nilielewa: tungelala kwake, tulime kwake, na Naitiri ingekuwa ya vijana wake.

Mama akanyanyuka. Hakuwa amesema neno mbele za wanaume tangu tufike.

"Mulamwa," alimwambia, ndivyo tunavyoita shemeji, "mengine mtaongea nyinyi wazee. Naomba tu visu vibaki na mimi."

Baba mkubwa akageuka polepole. "Kwa nini visu?"

"Ni vyangu. Alinionyesha mimi thamani yake."

"Alikuonyesha thamani," baba mkubwa akawaambia watu, na wengine wakacheka. "Mnasikia? Mwanamke amekalia mali ya boma letu wiki nzima kama kuku, na sisi tunaongea mambo ya udongo. Basi mimi nachukua hivyo visu."

Hapo mama akalia. Alilia kilio ambacho sijasikia tena kwa mtu, akaanguka chini, akaukumbatia ule mzigo mpaka wanawake wawili wakamfungua vidole. Mimi nililia naye. Nilimwuma mkono mmoja wa wale wanawake.

Mzee wa kunyoa, yule aliyekuwa akigawa mali, hakuwa mjinga. Alimtazama mama pale chini, akamtazama Barasa.

"Barasa, nisikize. Ukishika hiyo leso umemaliza. Naitiri inabaki na hawa watoto wa kike na mama yao. Wewe na wanao hamtarudi."

"Nitarudi kutafuta nini, Mzee? Mahindi?"

"Umepokea?"

"Nimepokea."

Nikaona visu vyangu vinaondoka kwapani mwa mtu ambaye hakujua hata kuvipanga kwa miaka.

Tulihamia Naitiri wiki hiyo, kwa miguu kipande na kwa lori la mkaa kipande. Hapakuwa na nyumba. Tulikaa kwenye stoo ya mahindi ya jirani, Mkikuyu tuliyemwita Baba Njoroge, aliyekuwa amehamia hapo akitokea upande wa Kitale. Tulilima kwa jembe la mkono shamba ambalo wengine walilima kwa ng'ombe. Viganja vya mama vilipasuka. Vyangu pia. Chakula kilikuwa uji, na uji ulikuwa maji. Kila jioni nilimkumbuka baba mkubwa na leso yetu, nikawa na hasira na mama: kwa nini hakung'ang'ania zaidi, kwa nini alipiga kelele zote zile mbele za watu kisha akaachia. Mbona hakuomba shamba walichukue, tubaki na visu, tukaviuze kwa Mzungu, tuishi mjini kama watu?

Mvua ya kwanza haikuwa imekwisha Nafula alipougua. Joto jioni, kutetemeka asubuhi. Mama alimbeba mgongoni kwenda zahanati, na alimrudisha mgongoni, amefunikwa. Tulimtuma mtu Bokoli, kwa maana kwetu mtoto huzikwa na baba zake, ndio wachimbe, ndio waseme maneno. Mjumbe akarudi peke yake. Baba mkubwa alimwambia yeye alipokea akamaliza. Nyumba hiyo haimhusu kwa heri wala kwa shari.

Kaburi lilichimbwa na Baba Njoroge na vijana wake. Waliimba kwa lugha yao kwa sababu yetu hawakuijua. Mama alisimama kama alivyosimama kule Bokoli, mkavu. Nikajua moyoni kwamba mama yangu hulilia vyuma tu.

Hayo niliyabeba miaka saba.

Mwaka wa 2008 nilikuwa mwanamke mzima. Tulikuwa na nyumba ya udongo, ng'ombe mmoja, na mahindi yanayozidi chakula. Asubuhi moja Simiyu, mtoto wa baba mkubwa, akaingia uani na shati la pasi. Baba yake alikuwa amefariki. Alinisalimia vizuri mno.

"Dada Nekesa, sasa. Umekuwa mama kabisa, si ungeniambia nilete soda."

Nikampa kiti na chai. Alinieleza huku akicheka vile mzee wake alivizungusha visu Kitale duka kwa duka, na vile Wahindi na Wakikuyu walivyomwuliza kama amepotea. Yule Mzungu hakuonekana tena. Kimoja kilienda kwa muuza miwa wa Bungoma, kingine kwa mchuna ngozi, vingine hata hakujua. Kimebaki kimoja. Akatoa karatasi mfukoni, akaifungua gotini. Cha pembe nyeusi. Cha 2000.

"Ni cha baba yako," alisema. "Moyo wangu ulikataa nikae nacho. Chukua, dada. Si tuko damu moja?"

Nitawaambia kweli, mate yalinijaa mdomoni. Nilikiona pale na baba alikuwa mzima, amechuchumaa. Mkono ukaenda wenyewe.

"Nekesa, usishike."

Mama alikuwa mlangoni na unga mikononi. Hakupaza sauti.

"Mama, ni cha baba."

"Ni cha Barasa. Alipokea. Ukikishika, amerudisha. Na akirudisha, hajamaliza, na wanawe wanaweza kulirudia shamba." Akamgeukia Simiyu. "Si ndio, mwanangu? Nani amekutuma, ni wewe au ni kaka zako?"

Simiyu alikunja karatasi yake. Kile kisu kilifungwa na sauti yake ileile, ta, kikaingia mfukoni mwake, na yeye akatoka bila kumaliza chai. Mpaka leo hajarudi.

Nilibaki nimekaa. Mambo yakawa yanakuja moja moja, kama watu wanaochelewa mkutano: mzigo chini ya paja, kichwa juu ya leso, kutotaja shamba hata mara moja, kuomba visu mbele ya umati. Mama alikuwa amewauzia wanaume wa Bokoli kitu ambacho bei yake aliiweka yeye mwenyewe kwa machozi. Na alijua pia watakaomaliza na sisi watamaliza kweli, hata siku ya kaburi. Aliona yote mawili akachagua.

Nikamwuliza, "Kwa hivyo siku ile hukuwa unalia."

Alirudi kwenye unga wake.

"Nilikuwa nalia," alisema. "Nilikuwa namlilia baba yako. Kwenye kaburi wangesema mjane amelegea, wanichukue na shamba. Kilio chake nilikitunza mpaka siku kikatufaa."

Kuhusu Nafula sikumwuliza, na yeye hakusema. Jioni nilimwona amekaa upande wa kaburi la Nafula, amegeuka mbali na nyumba, mabega yanatikisika.

Wengi huniuliza mwanamke asiyesoma alipataje mali. Sikupewa na serikali, sikupewa na mume. Nina shamba lile lile la Naitiri, na kipande nilichoongeza upande wa mto. Nina nyumba ya matofali na paa la mabati. Nina ng'ombe wa maziwa wanne, posho mili moja ya kusaga mahindi, na mkokoteni wenye punda. Nina hati ya shamba yenye jina langu. Nina makaburi mawili niliyoyajengea saruji, la Nafula na la mama. Kisu ninacho kimoja, cha dukani, cha mpini wa plastiki, cha kukatia mboga za sukuma.