Mota ya Cherehani na Mkono wa Mama

Nakumbuka, mwanangu, asubuhi ile nilipomfunga mama yangu mkono kwenye pedali ya baiskeli nikajiona bingwa. Ilikuwa miaka ile viwanda vinauzwa. Mimi fundi mitambo nilikuwa nimepunguzwa kazi, nimekaa tu nyumbani Butimba. Na mama, bibi yako, kiharusi kilikuwa kimemchukua upande wa kulia. Mke wangu akimlisha, mama anageukia ukutani, maana kulishwa na mkwe kulimuuma kuliko ugonjwa wenyewe.

"Nataka kula kwa mkono wangu," alisema. "Basi."

Nikaunda mashine: pedali, cheni, na mota ya cherehani niliyoipata sokoni Mirongo. Nikiwasha, mkono unazungushwa. Majirani wakaja kushangaa, nami nikavimba kichwa. Mama huku anasinzia.

Miezi ikapita, mkono mzito vilevile. Ndipo akaja mama mmoja wa mazoezi ya viungo kutoka hospitali. Akaitazama mashine, akaizima.

"Fundi, kazi yako nzuri. Ila hapa anayefanya mazoezi ni mota."

Nilichukia, we! Nikamjibu kwamba mama yangu ameteseka vya kutosha. Mama mwenyewe akanikatiza: "Itoe."

Nikaitoa. Tangu hapo alisukuma pedali mwenyewe, kiganja changu chini ya chake, nikimsaidia pale anaposhindwa tu. Alitoka jasho, akalia, akanitukana kwa Kisukuma. Mwisho vidole vikashika tonge. Lilikuwa baya, nusu likaanguka njiani. Lililobaki akalitia mdomoni mbele ya mke wangu, akatafuna polepole, bila kugeukia ukuta. Lakini vifungo vya gauni hakuviweza mpaka anafariki. Ile miezi ya mota sikuweza kumrudishia.

Leo kiharusi kimenipata na mimi, ni zamu ya mkono wangu, na nimechoka, sikufichi. Unasema hospitali wana roboti ya bei nafuu ya kuchezesha mkono. Sawa, nipeleke. Ila muulize mtaalamu kama inasubiri nijaribu kwanza. Na ukiniona nahangaika na kifungo, kaa, tulia. Unaharakisha kwa upendo, najua, hata mimi nilikuwa hivyo hivyo. Nisaidie nikishindwa, si kabla.

Mungu akupe moyo wa kunitazama nikihangaika, mwanangu, na mikono yako ikutumikie mpaka uzeeni. Haya, nipe hilo shati, nivae mwenyewe.