Mshale Nilioushusha Tororo

Siku yangu ya kwanza kazini, kwenye kiwanja cha ndege cha Tororo, Fundi Mkuu hakuniuliza hata jina. Alinitia mkononi kitu kama saa, chenye mishale miwili.

"Inasoma ngapi?"

"Moja, mzee."

"Mbona si sifuri, na imetulia?"

Nikakodoa macho. Miaka ile ya sitini nilikuwa nimetoka kijijini Masafu nikijua kutengeneza baiskeli tu.

Kile kilikuwa kipima mchapuko, yaani jinsi mwendo unavyobadilika. Ndani mna kizito kidogo kilichoshikwa na springi. Ndege ikiinuliwa ghafla, kizito husita kuifuata, springi huvutika, mshale husogea. Ile moja ni mvuto wa dunia, haupumziki. Ndege kubwa hubeba vipima vitatu, kila kimoja na upande wake: jumlisha misukumo upate mwendo, jumlisha mwendo upate umbali, na rubani ajue alipo hata wingu likimfunika. Yetu ilikuwa ndege ndogo ya kunyunyizia pamba dawa, kimoja kiliitosha. Mshale wake wa pili tuliuita shahidi, maana ulibaki palepale ulipofika mpaka ubonyeze kitufe, ndipo ushuke.

Jioni moja Kepteni, rubani wetu, alitua akicheka. Alikuwa mzaliwa wa kule Petta, na alipopita kwao aliishusha ndege kama mwewe kumsalimia mama yake, kisha akaivuta juu kwa nguvu. Mwisho tulioruhusiwa ulikuwa nne; zaidi ya hapo bawa laweza kuvunjika. Shahidi ulisimama kwenye sita.

Kicheko kikamwisha. "Ndugu yangu, bonyeza hiyo kitu. Mzee akiona, mimi nakwisha."

Nilimpenda yule bwana. Wengine waliniita wa baiskeli, yeye aliniita fundi. Nikabonyeza.

Chakula kilinishinda jioni ile. Asubuhi nikamkuta Kepteni anapasha injini moto aruke tena. Nikamwendea Fundi Mkuu, nikasema yote nikijua nafukuzwa.

"Zima hiyo injini!" akanguruma.

Tulifungua bawa. Boriti yake kuu ilikuwa na ufa. Ukucha wangu uliingia.

"Ulibonyeza wewe?"

"Mimi, mzee."

"Pumbavu! Lete tochi tutazame na la pili."

Kepteni alisimamishwa miezi mitatu. Aliporudi hakunisalimu tena, wala siku nilipostaafu. Vijana, kuwa mkweli kuna siku kunauma, sifichi. Niliumia miaka yote ile. Lakini kila asubuhi alipopita mbele ya karakana akitazama kando, nilimshukuru Mungu kwamba anapita.