Wimbo wa Faustina Pale Mlandege

Kama kuna kazi ya kumzeesha mtu huku ikimdanganya kuwa bado kijana, ni kupiga muziki wa baa. Liberatus Kalinga aliifanya kazi hiyo kwa zaidi ya nusu ya umri wake, kwanza Iyunga kule Mbeya, kisha Iringa mjini. Siku alipoiacha hakuwa na cha kuonyesha ila sugu za vidole vya mkono wa kushoto na sikio moja lisilosikia vizuri, lile la upande wa ngoma. Mchana alikuwa fundi seremala Ipogolo, kando ya barabara kuu, akitengeneza milango na vitanda ambavyo hakuna mteja aliyewahi kuvilalamikia. Lakini ukimwuliza yeye ni nani, hakusema fundi. Alisema, "Mimi mpiga solo."

Na bendi zenyewe! Acha zile za Dar zenye sare na mabango. Hizi zetu za mikoani ni za watu wenye kazi nyingine. Mpiga besi ni fundi viatu, mpiga tumba anauza mitumba, na mwimbaji hana kazi kabisa ila ndiye mwenye maringo kuliko wote. Vyombo si vyenu, ni vya tajiri wa baa, na siku tajiri akinuna bendi imekufa. Bendi ya kwanza ya Liberatus, Nzovwe Sound, ilikufa hivyo hivyo: mwenye vyombo aligombana na mpiga ngoma juu ya mwanamke, kesho yake vijana walipokwenda mazoezini wakakuta mlango wa stoo una kufuli jipya. Walisimama pale nje kama watoto waliofukuzwa ada, kisha kila mtu akarudi kwao.

Nyuzi za gitaa zilipochakaa hawakununua nyingine, walizichemsha. Uzi ukichemka sawasawa uchafu hutoka na sauti hurudi kidogo, ingawa haikai sana. Sufuria aliyochemshia Liberatus ilikuwa ya mkewe, na mkewe alinuna kila mara. Uzi ukikatika kabisa walifunga waya wa breki ya baiskeli, vidole vikachanika. Raha ilikuwapo pia, tusiseme uongo. Sebene likikolea, meza zote zikabaki tupu kwa kuwa watu wako uwanjani, Liberatus alisahau kuwa kesho ana milango ya kupiga randa. Kwa raha hiyo fupi aliukosa ubatizo wa mtoto wake wa pili, akachelewa msiba wa mjomba wake, na Pasaka karibu zote alizilia baani.

Mkewe aliyavumilia hayo yote kwa sababu moja, nayo ilikuwa wimbo.

Wimbo huo Liberatus aliutunga Iyunga alipokuwa akimfukuzia huyo mwanamke. Jina lake Faustina, binti wa Kihehe aliyekuwa akikaa kwa shangazi yake, na kila jioni alipita na ndoo mbele ya kibanda walikofanyia mazoezi. Alikuwa na mwanya, na alitembea bila kumwaga maji hata tone. Liberatus akavitia vyote mle, mwanya na ndoo na bomba la Iyunga, na kiitikio kikawa jina lenyewe: "Faustina ee, Faustina, shusha ndoo unisikie." Alikwenda kumpigia uani kwa shangazi, kwa gitaa kavu lisilo na umeme, shangazi akiwa ndani amejitia hamnazo. Faustina alicheka mpaka machozi yakamtoka. Mwaka haukwisha wakaoana, na bendi ilipokufa wakahamia kwao mwanamke, Iringa.

Tangu hapo jina hilo likaanza kupotea. Alipojifungua binti yao, akawa Mama Esta. Sokoni Mama Esta, kanisani Mama Esta, kwenye jumuiya Mama Esta, na mume naye akashika hilo hilo kama watu wote. Mama yake mzazi aliyekuwa akimwita Faustina alifariki. Likabaki kwenye cheti cha ubatizo na kwenye wimbo, basi. Mwenyewe hakuwahi kukanyaga baa, maana alikuwa mwanakwaya na aliona haya, lakini alijua kuwa huko mjini, kwenye spika, mbele za watu, kuna mahali anaitwa kwa jina lake. Aliwahi kumwambia jirani yake Frida, "Wenzangu mnanunuliwa vitenge. Mimi nilitungiwa wimbo." Alilisema kwa utani, lakini hakuwa akitania.

Sasa tuje kwenye kosa la Liberatus.

Kwenye muziki wa baa, wimbo wa mapenzi una nafasi ya jina. Mwimbaji hutupa jicho mezani, na akiona bwana mwenye uwezo ameketi na mwanamke humwuliza mhudumu, yule mama anaitwa nani? Akishatajiwa, hulichomeka jina hilo kwenye wimbo na kulitoa lililokuwamo. Bwana akisikia jina la mtu wake linapita kwenye spika hawezi kubaki ameketi. Atainuka na noti, atacheza kidogo, atambandika mwimbaji kwenye paji la uso, watu watashangilia. Bendi hizi zinaishi kwa hilo, na hakuna anayeliona baya.

Mara ya kwanza ilikuwa kule kule Iyunga, ndoa yake ingali mbichi. Mfanyakazi mmoja wa reli alikuja na binti aitwaye Rozalia, akataka Rozalia aimbwe. Wenzake walimtazama Liberatus, maana ndiye mwenye wimbo. Akakubali. Alijiambia kuwa jina ni la leo tu, wimbo wenyewe ni wa Faustina. Baada ya siku hiyo hakuna aliyemwomba ruhusa tena. Akapita Rozalia, akapita Yudith, akapita Amna, wakapita wengine aliowasahau, na wimbo ukawa kama kiti cha kinyozi, yeyote anakalia. Nyumbani mkewe alimwuliza, "Leo mmeupiga wimbo wangu?" Naye akajibu, "Tumeupiga." Walikuwa wameupiga kweli.

Mwaka huu tajiri wao, Sifaeli, mwenye baa ya Mlandege walikopigia Iringa, aliwaita akawaambia kuwa anauza vyombo. Kanisa moja la uamsho huko Mbeya limevitaka, na yeye ameshapata DJ. Vijana wanataka singeli na amapiano, alisema, bendi inakula umeme na bia za bure. Watapiga Jumapili moja ya mwisho, mchana, kuagana na wateja. Kitwiru Sound, bendi yao hiyo ya Iringa, ilipewa kifo chake kwa maneno machache hivyo, na hakuna aliyebisha, kwa kuwa vyombo ni vyake.

Liberatus alimpa mkewe habari hiyo wakila. Mkewe akaacha kula.

"Baba Esta, hiyo Jumapili mimi nakuja."

"Unakuja wapi?"

"Huko Mlandege. Wimbo wangu unakufa sijausikia hata mara moja kwenye spika?"

"Baa si mahali pako, Mama Esta."

"Si mnapiga mchana? Misa itakuwa imeshatoka. Frida atanisindikiza." Akamtazama. "Kwani kuna nini huko unanificha?"

"Hakuna kitu," Liberatus alisema.

Jumapili aliwahi mapema, akamvuta pembeni Bushiri, mwimbaji wao, kijana mwenye sauti tamu na viatu vyeupe.

"Bushiri, leo ule wimbo wa ndoo imba Faustina. Mke wangu anakuja."

"Faustina?" Bushiri alishangaa. "Kwani ndo jina la mwanzo la ule wimbo? Mi nilijua Yudith, mzee."

"Ni Faustina."

"Poa, mzee wangu. Heshima kwa mama. Hilo niachie."

Na alimaanisha. Bushiri hakuwa kijana mbaya, na mtu akitaka wa kumlaumu katika habari hii atafute mwingine.

Wakaja, Faustina na Frida, wamevaa vitenge vya jumuiya, wakaketi karibu na ukuta na soda zao. Sifaeli mwenyewe alikwenda kuwasalimu, "Kamwene, akina mama," na Faustina akaitikia huku ameshika mkoba kwa mikono miwili. Alikuwa amesuka upya. Liberatus alipoliona hilo kutoka jukwaani moyo ulimwuma, kwa sababu mkewe hakusuka hata siku ya kipaimara cha Esta.

Kisha akaingia Dastan, mfanyabiashara wa mbao anayejulikana mji mzima kwa kutuza wanamuziki. Alikuja na mwanamke aliyeitwa Bertha. Walipewa meza ya mbele. Sifaeli alipanda jukwaani, akamnong'oneza Bushiri sikioni, akashuka bila kumtazama mtu mwingine. Bushiri akamtupia Liberatus jicho la kuomba radhi. Liberatus alielewa. Angeweza kukataa kuanza. Lakini tajiri yuko pale chini, wenzake wanasubiri, na vidole vilishazoea kutouliza. Akaanza.

Faustina aliutambua mara moja. Alinyoosha mgongo, akampiga Frida paja. "Ndio huu," alisema, na Liberatus aliyasoma maneno hayo mdomoni mwake. Mwanya ukaimbwa, akaufunika kwa kiganja akicheka kama msichana. Ikaimbwa ndoo isiyomwaga. Likaimbwa bomba la Iyunga. Kikafika kiitikio, Bushiri akafumba macho na kulivuta jina lile fupi mpaka likaenea nafasi yote: "Bertha ee, Bertha mama, shusha ndoo unisikie."

Dastan alikuwa ameshainuka na noti. Watu walishangilia. Kule ukutani Frida aligeuka kumtazama mwenzake, na Faustina hakumtazama. Kiganja kilikuwa bado mdomoni.

Hapo Liberatus akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu aanze muziki. Sebene lilipotulia alisogea kwenye maiki, akamsukuma Bushiri kwa bega, akaimba mwenyewe kwa sauti yake ya kukwaruza: "Faustina ee, Faustina." Aliimba akimtazama mkewe, machozi yakimlenga, akiamini kuwa analitengeneza lililoharibika. Maskini, alisahau yuko wapi. Mahali pale jina likiimbwa watu hutafuta meza. Vichwa vyote viliyafuata macho yake mpaka ukutani, vikamkuta mama mmoja wa makamo aliyesuka vizuri, vikaanza kumtafuta bwana aliyemleta.

"Faustina wa nani huyo?" alipaza sauti Sosthenes, mnywaji wa kila Jumapili, mtu mpole asiye na kisa na mtu. "Hana mwenyewe leo? Basi mwenyewe ni mimi!"

Akaenda kwa kucheza, mabega yakitangulia, na kabla Frida hajanyanyuka akambandika Faustina noti kwenye paji la uso. Baa nzima ikapiga makofi. Hawakuwa wakimdhihaki, la hasha. Walikuwa wakimfurahia kama wanavyomfurahia mwanamke yeyote ambaye jina lake limechomekwa kwenye wimbo ule. Kwa miaka yote hiyo Liberatus ndiye aliyewaongoza kwa solo wakijifunza kufanya hivyo.

Faustina aliibandua noti. Akaweka mkoba juu ya meza, akainuka, akapita katikati ya viti kuja mbele. Watu walimpisha wakishangilia zaidi, wakidhani anakuja kucheza. Liberatus naye alidhani hivyo. Alitabasamu. Mkewe alipanda jukwaani, akamsogelea, akambandika ile noti kwenye paji la uso, akaikandamiza kwa kiganja ili isidondoke, kama mteja anayejua taratibu.

"Asante kwa kazi," alimwambia.

Akashuka. Frida alimfuata na mikoba yote miwili. Wateja walipiga miluzi, maana kwao hilo lilikuwa tuzo kama tuzo nyingine, na bendi ikaendelea kupiga na Liberatus akiwamo, noti imemganda kwa jasho.

Alirudi Ipogolo jua likizama, akamkuta mkewe mlangoni anachambua maharage. Alikuwa amejipanga njia nzima. Alieleza kuwa ni desturi ya kazi, kwamba jina hubadilishwa lakini tuni haibadiliki, na tuni ni yake.

"Tuni?" mkewe alisema. "Mwanya ni wangu. Ndoo nilibeba mimi. Umempa Bertha. Na kabla ya Bertha?"

Liberatus aliinama akaokota harage lililodondoka.

"Nakuuliza, kabla ya Bertha ni nani?"

"Wengi," alisema.

Mkewe aliendelea kuchambua. Alikuwa analia bila sauti, na hakujifuta. "Mimi kila mahali ni Mama Esta. Sikatai, mtoto ni wangu. Lakini mahali pamoja nilikuwa na jina langu, nikakuachia wewe unitunzie. Ulipokosa ubatizo nilisema haya, anapiga wimbo wangu. Ulipokosa Pasaka nilisema hivyo hivyo. Kumbe ulikuwa kazini tu."

Liberatus alichuchumaa mbele yake. Alitaka kumshika mkono, mkono ulikuwa umejaa maharage. Akamwita kwa upole, kwa namna ambayo hakuwa amemwita tangu uani kwa shangazi. "Faustina."

"Hapana," mkewe alisema, akajifuta sasa, kwa ncha ya kitenge. "Hilo ni la baani. Hapa niite Mama Esta."

Na ndivyo anavyomwita hadi leo.