Sanduku la Chatu Lenye Mlango wa Kuonea Ndani

Ukitaka kucheka, cheka sasa umalize, kisha unisikilize. Haya niliyaona kwa macho yangu, jua likiwaka, hapa hapa Kamina, kwenye karakana yangu nyuma ya nyumba. Sikuwa mgonjwa wala sikuwa nimelewa. Na mdogo wangu Numbi yuko hai. Ukipita mtaani kwetu, muulize mwenyewe.

Mimi ni mwanamke, na ni seremala. Kazi nilifundishwa na baba kabla hajafa. Siku moja Mwalimu Kyungu, anayefundisha biolojia shuleni, alinijia na ombi ambalo sikuwahi kulisikia. Alikuwa anafuga chatu. Watu waliokuwa wanakata majani kando ya reli walimkamata wakataka kumuua, yeye akawasihi wamwachie. Tangu hapo, kwa miezi, alimweka ndani ya pipa lenye kifuniko, na wanafunzi waliogopa hata kulikaribia. Sasa alitaka sanduku kubwa la mbao, lenye mlango wa mbele unaoonyesha ndani, ili watoto wamtazame bila kumfungulia.

Nilifanya kazi hiyo kwa moyo wote. Nilichagua mbao za mulombwa, nikazipiga randa mpaka mkono ukateleza juu yake. Ubavuni nilitoboa matundu ya hewa. Kioo niliona kitavunjika, basi nikapata pleksi, ile plastiki ngumu inayoonyesha kama kioo, ya dirisha la basi bovu, nikaikata polepole kwa msumeno mwembamba, nikaizungushia fremu, nikatia bawaba na kadenasi, kufuli la shaba. Mlango ulifungika bila kulia hata kidogo. Niamini, sijawahi kujivunia kazi kama ile.

Jumamosi Mwalimu alimleta chatu ndani ya gunia. Tukamwingiza, akajikunja juu ya majani makavu. Lakini verni, rangi ya kung'arisha mbao, ilikuwa haijakauka ubavuni, kwa hiyo tulikubaliana sanduku libaki kwangu mpaka Jumatatu.

Sasa nikueleze habari ya Numbi. Alikuwa na mchumba, Placide, aliyesema anauza samaki wakavu wa Kinkondja. Mtanashati, shati limepigwa pasi, sauti ya chini. Mama alimpenda. Mimi nilimwogopa bila kujua sababu. Labda ni kwa kuwa hakuwa anapepesa macho. Na tangu alipoanza kuja kwetu, Numbi alibadilika. Mikono yake ilikuwa baridi kama maji ya mtungi. Asubuhi alitoka kukaa ukutani, juani. Bukari, ugali wetu, alikuwa anaigusa tu. Hospitali walipima damu, hawakuona kitu. Na siku ya mahari ilikuwa imeshapangwa.

Jumapili, baada ya misa, Placide akaja kama kawaida. Nilimsalimu sebuleni, kisha nikaenda karakana kumwangalia chatu. Kadenasi ilikuwa imefungwa. Mlango mzima. Ila ndani hapakuwa na chatu. Palikuwa na ngozi tupu, nzima toka kichwa mpaka mkia, imelazwa vizuri kama nguo za mtu aliyekwenda kuoga.

Wewe ungefikiri nini? Mimi nilifikiri ametoroka. Nilipekua chini ya mbao zote, kisha nikarudi mbio sebuleni kuwaonya. Nikamkuta Placide amemshika Numbi mkono, na kwenye kola ya shati lake jeupe pana alama ya verni mbichi. Rangi niliyoichanganya mwenyewe. Ndipo nikaelewa: Placide na chatu ni mmoja. Miezi yote ile, nani alikuwa anafunua pipa la Mwalimu kuangalia kama chatu yumo? Halafu hasira ikanipanda, na hasira hiyo ndiyo iliyotuokoa.

Nilirudi karakana. Nikaziba matundu ya hewa, njia aliyotokea, kwa vipande vya mbao na misumari, nikaongeza skrubu mlangoni. Ngozi ikabaki ndani, yeye asiweze kuirudia. Nikakaa juu ya sanduku, nyundo mkononi.

Jua lilipoanza kushuka, Placide aliaga, lakini hakwenda barabarani. Alizunguka nyuma ya nyumba, akanikuta. Akatazama matundu, akanitazama mimi.

"Yaya," akasema, akiniita dada mkubwa kama Numbi anavyoniita, "unifungulie mulango. Jua iko naingia."

"Rudisha kwanza joto ya mudogo wangu."

Alisema mengi. Alinibembeleza, akaniahidi mali, mwishowe akanitisha kwamba sitaona mvua ya mwaka ule. Sikushuka. Kadiri jua lilivyozama ndivyo alivyodhoofika. Mikono ilianza kupasuka kama udongo wa kiangazi, akapiga magoti juu ya takataka za randa. Hapo nikamwita Numbi.

Alikuja akishika ukuta. Nilimweleza kila kitu mbele ya yule mtu, naye hakukana. Nilidhani Numbi atalia. Hakulia. Alimnyooshea viganja vyake viwili.

"Rudisha," alisema.

Placide akainama, akavipulizia pumzi ndefu. Nikaona jasho linatoka kwenye paji la uso la Numbi, jasho la mtu mzima wa afya. Na unajua alisema nini? Kwamba ana njaa. Kisha akanigeukia.

"Fungula sasa, yaya. Nataka nimuone vile iko."

Nikafungua. Jinsi mtu mzima alivyoingia mle siwezi kukueleza. Shati lilianguka chini likiwa tupu. Nilipofunga mlango, chatu alikuwa ndani, amejikunja, macho yake kwetu. Tukasimama mbele ya pleksi, mimi na mdogo wangu, tukimkazia macho. Yeye ndiye aliyegeuza kichwa.

Jioni ile Numbi alikula bukari na sombe, kisamvu cha mama, akala na ya kwangu, na mama akaimba jikoni huku akilichoma lile shati. Jumatatu tulipomsimulia, Mwalimu alitaka kucheka. Alipomtazama Numbi usoni aliacha. Kwa kuwa chatu alikuwa amerudisha alichochukua, hatukumuua. Mwalimu alimpeleka mbali, kwenye mabwawa ya Kisale, akamwachia huko, akarudi na sanduku. Leo humo anafugwa kobe wa shule. Numbi anauza vitambaa sokoni, mikono yake ina moto, na wachumba anawachunguza mwenyewe mpaka wanatoka jasho. Mimi napata kazi za makabati ya mlango wa kioo hata kwa wake wa wanajeshi kule kambini.

Lakini sikiliza. Juzi seremala mwenzangu wa Kabongo alinipigia simu. Amepata mteja mpole, mwenye adabu, anayetaka sanduku kubwa la mbao pande zote, bila kioo hata cha kiganja. Nilimwambia akatae. Nawe, kama unashika nyundo na msumeno, mtu wa namna hiyo akija kwako, usipige hata msumari mmoja kabla hajakuonyesha kitakacholala ndani.